Siku Niliyomwitia Kaka Joeli Mjumbe kwa Sababu ya Kompyuta Isiyolala

Kosa langu la kwanza, kabla ya kosa la zile karatasi kumi na mbili, kabla ya kosa la bahasha, kabla hata ya kumwitia mtu mzima mjumbe mbele ya mgeni wa heshima, ni kwamba kompyuta yangu ilipoanza kuamka yenyewe asubuhi nilichunguza kila kitu chenye waya na sikumuuliza binadamu hata mmoja. Nasema mapema ili msinionee huruma. Huwa napenda kufika hapo polepole huku nikijipamba kidogo, lakini watu wa mtaa wetu wa Bulyaga wameshanizoea, nikianza tu wanamalizia wao, kwa hiyo bora aibu yangu niitoe mwenyewe.

Kompyuta nimejifundisha kwa simu, kwa kuharibu, na kwa kulia kidogo. Cheti sina. Mchana nachapa barua na mitihani ya watu kwenye duka moja la stationery karibu na stendi ya Tukuyu, na nyumbani, kwenye chumba changu ndani ya nyumba ya bibi yangu, nina mashine yangu mwenyewe ya mezani, kuukuu, niliyoikuta ofisi moja inataka kuitupa, yenye kioo cha zamani kile cha chogo ambacho mkiwa watu wawili kwenye chumba basi chenyewe ni wa tatu. Naipenda kuliko inavyofaa. Naifunika kitambaa. Mlangoni nilibandika karatasi kwa herufi kubwa: USIINGIE NA VIATU. USIGUSE MEZA. (Ikumbukeni hiyo karatasi.)

Sasa, kwa asiyejua, kompyuta inaweza kulala. Sisemi kuzimwa, nasema kulala: kioo kinakuwa cheusi, feni inanyamaza, kijitaa cha mbele kinabaki kikikonyeza, na kazi yako yote inakaa pale pale ulipoiachia, ukiigusa tu inaamka na mnaendelea kama vile mlikuwa mnapumua pamoja. Hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe. Lakini mashine nyingi zina ukaidi, nyingine hazitaki kulala, nyingine zinalala haziamki, na nyingine zinaamka bila kuitwa, na mimi ni mtu ambaye kitabu kikikaa upande kwenye rafu siwezi kula nikashiba, kwa hiyo mnaelewa.

Haya yote yangebaki ugonjwa wangu binafsi kama asingekuja pale dukani Madam Mchome, mkuu wa shule moja ya sekondari upande wa Mpuguso, mama aliyehamishiwa huku kutoka Upareni na ambaye mpaka leo hajapatana na baridi yetu, anatembea na sweta mbili. Alikuja kutoa kopi za mitihani. Wakati mashine inatoa kopi akaanza kulalamika, si kwangu hasa, kwa dunia tu, kwamba shule imepewa kompyuta kumi na mbili, wanafunzi wanaziacha zinawaka kutwa nzima, umeme unakwisha katikati ya mwezi, na wakikumbuka kuzizima wanazizima kwa kuchomoa waya, kazi zinapotea. Nikamwambia (nilikuwa sijamtazama hata usoni, nilikuwa naongea na karatasi) kwamba zinatakiwa ziwekwe zilale zenyewe. Akaniuliza naweza. Nikasema naweza. Akaniuliza nimesomea wapi, nikaanza kupanga kopi nne zilizokuwa zimetoka.

Akasema, "Vyeti sikuulizi. Nionyeshe mashine moja inayolala yenyewe na kuamka vizuri wiki nzima. Uiandikie ripoti, niisome. Jumamosi nakuja kuiona kwa macho yangu. Nikiridhika, chumba cha kompyuta ni chako, unakuwa mtunzaji wake, tunakuajiri."

Nilirudi nyumbani nikitembea kama nimebeba yai mdomoni. Kazi ya kuajiriwa, chumba chenye kompyuta kumi na mbili, na mtu amesema hataki cheti. Nafasi kama hiyo kwa mtu kama mimi haiji mara mbili.

Jumatatu nikaipanga mashine ilale baada ya dakika kumi na tano bila kuguswa, nikaiacha macho, nikaenda kazini. Jioni nikafungua ile kumbukumbu ya ndani ambamo kompyuta huandika yenyewe kila inapolala na kila inapoamka na imeamshwa na nini. Nikakuta imelala vizuri. Halafu saa tatu na dakika kumi na nne asubuhi ikaamka. Ikalala tena. Saa tatu na dakika arobaini ikaamka. Ikalala. Saa nne na dakika tano ikaamka. Hivyo hivyo mpaka saa saba mchana, halafu kimya. Kilichoiamsha: mausi.

Mtu wa kawaida angetoka nje akauliza, "Jamani, kuna mtu ameingia chumbani kwangu?" Sentensi moja. Mimi nilichukua daftari la mraba nikaandika sababu zinazowezekana, zikafika kumi na saba. Ya tano ilikuwa malori ya ndizi, kwamba yanapopita barabarani meza inatikisika na mausi inajisogeza. Ya sita ilikuwa matetemeko madogo ya ardhi (tunaishi chini ya mlima Rungwe, msinicheke). Jumanne nikailaza mausi juu ya blanketi lililokunjwa mara nne, tena nikaigeuza chali kama mende aliyekufa, ili hata ardhi ikitikisika isione chochote. Jioni kumbukumbu ikasema: imeamshwa na mausi. Na mausi yenyewe niliikuta imelala kifudifudi, imewekwa vizuri kabisa.

Bado sikuuliza.

Jumatano nikaingia kwenye mipangilio nikaipokonya mausi uwezo wa kuamsha mashine. Jioni: imeamshwa na kibodi. Alhamisi nikaipokonya na kibodi. Jioni: imeamshwa kwa kitufe cha kuwashia, mara moja, saa tatu na robo, na haikulala tena kwa saa mbili na nusu, kama vile kuna mtu alikaa nayo akiitumia mfululizo. Yaani nilikuwa nacheza drafti na mtu nisiyemwona, kila nikifunga njia yeye anapita ya jirani, na alikuwa ananishinda. Kulikuwa na ushahidi pia. Juu ya mausi palikuwa na doa jeupe lililokauka. Katikati ya vitufe vya kibodi, punje tatu za mahindi yaliyovunjwavunjwa. Nikazitoa kwa kibano cha nyusi alichosahau dada yangu alipotutembelea nikazitia kwenye bahasha, na lile doa nikalikwangua kwa wembe nikalitia kwenye bahasha hiyo hiyo ndani ya kipande cha karatasi, na juu nikaandika KIELELEZO. Mimi, mtoto wa kuzaliwa na kukulia Rungwe.

Sasa, nani? Katika nyumba ile tulikuwa watatu. Mimi. Bibi, ambaye mchana yuko shambani nyuma ya nyumba au jikoni, na ambaye kompyuta anaiita "lile sanduku lako". (Bibi huniita mume wangu, kama mabibi wote wanavyowatania wajukuu wao, na akikasirika hunitishia talaka.) Na Kaka Joeli, mpangaji wa chumba cha uani, dereva wa bodaboda, mtu wa Isongole, mwenye kelele na moyo mkubwa, ambaye siku nyingine hurudi asubuhi kunywa chai baada ya kupeleka walimu. Kaka Joeli aliniita Profesa tangu wiki ya kwanza. Kaka Joeli aliwahi kuniomba nimjazie nyimbo kwenye flashi nikamwambia flashi yake ina virusi (ilikuwa nayo kweli). Na Jumatano ile ile, nilipomlalamikia kijuujuu kwamba mashine yangu hailali, alicheka akasema, "Itakuwa imekuiga wewe, Profesa. Umewahi kulala wewe?"

Kwa akili yangu ya wakati ule, hiyo ilikuwa ni kukiri. Isitoshe, nani mwingine angekula bisi akadondosha mahindi?

Ijumaa, badala ya kwenda chumbani kwake hatua nane kutoka kwangu na kumuuliza, nilipanda mtaa mzima mpaka kwa Mzee Ambokile, mjumbe wetu wa nyumba kumi, mzee mpole mwenye ng'ombe wawili na subira ya ng'ombe kumi, nikamshitakia kwamba mpangaji anaingia chumbani kwangu kwa siri. Akaniuliza kimeibiwa nini. Nikasema hakijaibiwa kitu. Akaniuliza kimevunjwa nini. Nikasema hakijavunjwa kitu. Akaniuliza basi mtu huyo anafanya nini humo ndani. Nikasema, "Anaiamsha." Akasema kesho saa nne asubuhi atakuja, tukae tulizungumze.

Jumamosi saa nne ndiyo saa aliyoahidi kuja Madam Mchome. Nililiona hilo. Ningeweza kusema mzee, tufanye mchana. Lakini nikajiambia vizuri zaidi, mwajiri wangu aone nilivyo makini, aone kwamba mashine yangu ikiguswa mimi silali. Usiku ule nilichapa ripoti, kurasa kumi na mbili, nikazibana kwa pini moja kila kona kwa sababu pini moja ya juu ingezifanya zipinde.

Asubuhi ilikuwa ya Julai hasa, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, mvua ile isiyonyesha wala kuacha. Nilimwambia bibi kuna wageni, nikamwambia mmoja ni mwalimu wa ile kazi na mwingine mjumbe, basi, sikumwambia mjumbe anakuja kufanya nini, maana bibi anampenda Kaka Joeli na nilijua angeniharibia kesi. Akafurahi. Akachemsha ndizi, akapika chai akaijaza kwenye chupa mbili, akapanga viti barazani, kisha akarudi jikoni kwake. Na kwa kuwa mjumbe hawezi kupita mtaani asubuhi bila watu kumfuata kujua kuna nini, walikuja na majirani kama kumi na watano, wamejifunika mashuka na makoti, wakasimama uani wakisubiri kitu kitokee. Mimi nilikuwa nimevaa shati jeupe.

Kisha pikipiki ikalia nje, na nani ameshuka? Madam Mchome na sweta zake mbili. Na nani amemleta? Kaka Joeli, amemfunika na koti lake mwenyewe la mvua, yeye kalowa chapachapa, na madam anashuka huku anamshukuru na kusema tangu ahamie huku hajapata dereva mwenye adabu namna ile, na kwamba njia nzima alikuwa anamwambia habari zangu nzuri, jinsi kijana wa nyumba hii alivyo na akili ya ajabu.

Hapo nilikuwa na nafasi ya mwisho ya kuacha. Niliiona kabisa ikipita. Nikafungua ukurasa wa kwanza.

Nikasoma. "Jumatatu, saa tatu na dakika kumi na nne, imeamshwa. Saa tatu na dakika arobaini, imeamshwa." Mama mmoja nyuma akauliza kwa sauti ya chini ni nani huyo anayeamshwa, ni mgonjwa? Nikaendelea. Ukurasa wa tatu watu walianza kukaa chini. Ukurasa wa tano Mzee Ambokile aliniomba niruke niende kwenye jina la mtu. Nikasema jina, nikamwonyesha kwa kidole. Kaka Joeli alikuwa anakamua maji kwenye kofia yake, akaacha.

"Mimi?" akasema. "Mimi nikaiamshe ili iwe nini, Profesa? Tuongee naye?"

Watu wakacheka, na mimi nikachukia kwa sababu nilijua nina ushahidi. Nikatoa bahasha. Nikampa mjumbe kwa mikono miwili. Mzee Ambokile akavaa miwani, akamimina zile punje kiganjani, hakuzitazama hata sekunde mbili.

"Hizi ni chenga," akasema. "Chenga za vifaranga." Akafungua kile kikaratasi, akanusa kidogo, akanitazama kwa huruma ya kweli. "Na hiki ni kinyesi chao. Ulikihifadhi kwa kazi gani, mwanangu?"

Kicheko kilichofuata kilitoka mpaka barabarani. Ndugu zangu, uani kwetu pale palikuwa na watu karibu ishirini na kila mmoja wao alijua anatazama nini, wafugaji wote wale, hata madam wa Upareni alijua, nikabaki mimi peke yangu nimesimama na kurasa zangu kumi na mbili nikiwaza kwa uchungu kwamba Kaka Joeli amepata wapi vifaranga. Kwamba bibi alikuwa na vifaranga nilijua. Kwamba mama yao alichukuliwa na kicheche wiki mbili nyuma nilijua, nilisikia bibi akisikitika. Lakini kwamba vifaranga kumi na mmoja bila mama, mwezi wa Julai, Tukuyu, watapata joto wapi, hilo halikuwahi kuingia kichwani mwangu, kichwa kilikuwa kimejaa matetemeko ya ardhi.

Na hapo ndipo nilipofanya la mwisho. Nikanyoosha mkono kuwatuliza watu (nilinyoosha mkono, mimi, kama mhubiri) nikasema tufanye jaribio. Mashine sasa hivi imelala. Mlango wangu umefungwa. Sote tuko hapa nje na Kaka Joeli yuko hapa mbele ya macho yetu. Tukae dakika ishirini. Isipoamka muda wote yeye yuko nasi, basi tumemjua anayeiamsha. Madam Mchome akasema kimsingi hoja ina mantiki, akajifunika zaidi. Kaka Joeli akasogea katikati ya uani, akakunja mikono kifuani, akasimama kwenye manyunyu kama mtu anayepigwa picha.

Tukasubiri. Mvua ikadondoka kwenye migomba. Nilitazama saa yangu, dakika ya nne, dakika ya sita, na nikaanza kupata lile joto tamu la mtu anayekaribia kuwa sahihi.

Dakika ya tisa, ndani ya chumba changu, feni ikaanza kuzunguka. Kisha ule mlio mdogo wa kuamka, ambao niliuchagua mwenyewe kwa makini kati ya milio sita. Kisha, waziwazi, mbele ya mjumbe na mkuu wa shule: chwi, chwi, chwi.

Kaka Joeli alifungua tu mikono yake akaionyesha kwa watu, mitupu, huku na huku.

Nilikimbia nikasukuma mlango, na wote nyuma yangu wakajaa mlangoni. Nilikuwa nimesahau kwamba chumba changu kina mlango mwingine, ule wa ndani unaotokea jikoni. Bibi alikuwa amepiga magoti miguu mitupu mbele ya meza, kidole bado kiko kwenye kitufe cha kuwashia. Nyuma ya kile kioo cha chogo, pale kinapotoa joto, palikuwa na boksi la karatasi limetandikwa kipande cha kanga, na ndani yake vifaranga kumi na mmoja, na katikati yao, wakiikanyaga, wengine wameilalia kabisa, mausi yangu.

Bibi akageuka akaweka kidole mdomoni. "Taratibu, mume wangu," akasema. "Walikuwa wanaanza kulala."

Maelezo yake aliyatoa pale pale, bila haya hata kidogo, mbele ya umati. Kwamba asubuhi anawaweka jikoni penye moto, moto ukifa baada ya chai anawahamishia kwenye sanduku, maana sanduku lina joto la mama na halina moshi. Kwamba sanduku likikonyeza kile kijitaa anajua limepoa, basi anakuja kuligusa. Mwanzoni aligusa "kile kikobe cha mkia", yaani mausi. Alipokikuta chali alidhani kimeanguka akakigeuza. Kikaacha kusikia, akagusa vile vya meno meno. Navyo vikaacha kusikia, akagusa kitufe. Halafu akagundua (na hapa mtu mzima alijivuna) kwamba kikobe ukikiweka humo ndani na watoto, wakitembea juu yake sanduku halipoi, na yeye anaendelea kumenya ndizi zake. Hata huwa analisalimia kwanza anapoliamsha, Ugonile, yaani umelala salama, kama anavyosalimia watu.

Nikamwonyesha karatasi ya mlangoni. Ndicho kitu nilichokuwa nacho mkononi mwa akili yangu wakati ule, karatasi.

"Viatu nilivua," akasema bibi. "Na meza sijagusa."

Watu walicheka mpaka mwingine akatoka nje kukohoa. Madam Mchome hakucheka. Alikuwa amechukua ile ripoti yangu kwenye kiti, anaisoma, ukurasa kwa ukurasa, zote kumi na mbili, mtu wa kwanza na wa mwisho kufanya hivyo. Alipomaliza akanitazama juu ya miwani.

"Hapa naona kila ilipoachwa, ililala. Kila ilipoguswa, iliamka. Wiki nzima, haikukosea hata mara moja. Wewe ulikuwa unataka ifanye nini kingine?"

Yaani mashine ilikuwa nzima tangu Jumatatu. Nilichukua ushahidi wa kunipatia kazi nikautumia kumshitaki jirani.

"Mashine nimeiridhia," akaendelea. "Wewe ndiye sijui. Nina wanafunzi mia kadhaa pale. Mmoja akigusa kibodi usiyopenda aguse, utamwitia mjumbe?" Akafungua mkoba akatoa fomu ya maombi, lakini hakunipa mimi. Akampa Kaka Joeli. Akasema kuna sehemu ya mdhamini, mtu asiye ndugu anayemjua mwombaji kwa tabia, ijazwe na huyu, na akitaka asijaze pia ni sawa, shule zikifunguliwa kama hajaipata atatafuta mtu mwingine. Kisha akaomba ndizi.

Mzee Ambokile naye akatoa hukumu yake akiwa na kikombe mkononi: ukimsingizia mtu mbele za watu unamlisha mbele za watu, jogoo mmoja, na wote walioitwa kushuhudia waitwe tena kula. Nikasema sina jogoo. Bibi akasema anao, sema bado wadogo. Mjumbe akachungulia kwenye boksi, akafikiri, akasema basi tutasubiri wakue, na kwa kuwa faini ni yangu, kuwatunza ni juu yangu, na akifa wa kwangu natafuta mwingine. Kwa hiyo jioni ile nilikaa mbele ya mashine niliyoipigania wiki nzima ilale, nikafungua mipangilio, nikaenda mahali pa kuchagua ilale baada ya muda gani, nikachagua: kamwe.

Fomu Kaka Joeli alikaa nayo siku tisa. Aliitembeza kwenye koti lake, Isongole na kurudi, na kila jioni aliingia uani akipiga mfuko kidogo, anapita. Nilimwomba radhi chumbani kwake mara mbili, akanikaribisha chai, fomu hakuigusa. Siku ya tisa nikaelewa. Nilikwenda kijiweni kwao pale stendi, wamekaa wenzake kama ishirini juu ya pikipiki zao, nikasimama katikati nikasema kwa sauti kwamba nilimsingizia Joeli, kwamba alikuwa ananisifia kwa watu siku ile ile niliyokuwa namwandikia kesi, na kwamba nilishindwa kumuuliza kwa sababu nilipenda zaidi kugundua kuliko kujua. Hiyo sentensi ya mwisho sikuiandaa. Ilinitoka tu, na ilikuwa na ukweli mwingi kuliko nilivyotaka.

Wakanizomea vya kutosha, mmoja akauliza kama na pikipiki yake huamshwa na kuku. Kaka Joeli akaomba kalamu. Akaandikia kwenye tangi la mafuta, polepole, akanipa. Kwenye nafasi ya tabia ya mwombaji alikuwa ameandika: Anachunguza sana. Kuuliza hajui. Anafundishika.

Madam Mchome aliisoma hiyo mistari mitatu, hapo ndipo nilipomwona anacheka kwa mara ya kwanza, akagonga muhuri.

Vifaranga tisa walikua. Jogoo wa faini alikuwa mwekundu, mnene, mwenye kiburi, na alikuwa na tabia ya kupanda juu ya meza yangu na kulala nyuma ya kioo hata alipokuwa hatoshi tena. Siku tuliyomla majirani walikuja wote, mjumbe akaombea chakula, Kaka Joeli akapewa paja la kwanza, na bibi akatenga kipande akakiweka kwenye sahani ndogo mbele ya kompyuta, akaiambia ndaga fijo, asante sana, akakila mwenyewe.

Sasa hivi natunza kompyuta kumi na mbili. Zinalala baada ya dakika kumi na tano. Moja ikiamka bila sababu sifungui kumbukumbu, sifungui daftari. Natoka mlangoni, nauliza nani alikuwa humu, na kama alikuwa anasikia baridi. Ile karatasi ya nyumbani nimeibandua.